Wanawake wa Kauman: jumuiya iliyozaliwa katika darsa ya alasiri

Kila mwaka, siku chache baada ya Idd el-Fitri, katibu wa kamati ya msikiti hukaa na daftari lake kufunga hesabu za Ramadhani. Mwaka huu, nilipokuwa nikiandaa taarifa ya kusomwa baada ya swala ya Ijumaa, nilifika kwenye mstari ambao nimeuandika kwa miaka kadhaa bila kuutafakari: “Michango mingineyo.” Chini ya mstari huo ndiko zilikoingia fedha zilizonunua mikeka mipya, fedha za sanda za maiti wawili waliokuwa hawana jamaa mjini, na fedha za futari ya wapita njia kwa mwezi mzima. Zote zilikusanywa na akina mama. Bwana aliyetoa mifuko mitano ya saruji ametajwa kwa jina lake na la baba yake. Akina mama walioendesha msikiti kwa siku 30 hawakutajwa hata kwa jina la kikundi chao, na aliyewaacha ni mimi niliyeshika kalamu.

Katika kujilaumu huko nilikumbuka historia tuliyosomeshwa chuoni kwa haraka, ikapita kama jambo la pembeni: historia ya jumuiya ya wanawake wa Kiislamu wa Indonesia iitwayo Aisyiyah. Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 1917 na mabinti wachache wa mtaa mmoja uliouzunguka msikiti. Leo ina shule, hospitali, vituo vya yatima na hata vyuo vikuu, na imekwisha kuvuka miaka mia moja huku ikiendelea kutegemea watu wanaojitolea kwa ajili ya Allah. Nimeirudia historia hiyo kwa makini, na ninaona ina jambo la kutufunza sisi wenye kamati za misikiti, waume kwa wake.

Mtaa wa msikiti

Yogyakarta ni mji wa kale katika kisiwa cha Java, makao ya sultani. Kando ya uwanja mkuu wa mji umesimama Msikiti Mkuu, na nyuma yake kuna mtaa wa vichochoro vyembamba uitwao Kauman. Hapo ndipo walipokaa maimamu, makhatibu, waadhini na makadhi waliouhudumia msikiti na kasri. Wakaazi wake walioana wao kwa wao, wakajuana kwa nasaba, na mgeni alitambulikana kabla hajafika mlangoni. Msomaji aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja au mitaa ya kale ya Lamu hatapata tabu kuuona mtaa huo katika fikra zake. Hata fiqhi iliyosomeshwa huko ndiyo iliyosomeshwa pwani yetu, ya Imamu Shafi (Allah amrehemu).

Kauman ilikuwa pia mtaa wa batiki. Wanawake wake walichora nguo kwa nta na kuzitia rangi, kazi ya subira nyingi ambayo ililisha nyumba nyingi. Ufundi huo ndio ulioigwa na viwanda vya Uholanzi, na kutokana na kuigwa huko zikazaliwa nguo za vitenge ambazo leo mama zetu huzivaa. Basi wanawake wa Kauman hawakuwa watu wa kukaa bure. Walifanya kazi, walipata chumo, walilea, waliswali. Jambo walilolikosa wengi wao ni elimu. Wengi hawakujua kusoma wala kuandika, na elimu ya dini waliyoipata ilikoma pale mtoto wa kike alipokaribia kuolewa. Nchi nzima ilikuwa chini ya Waholanzi, na shule za serikali zilikuwa chache, tena zilipendelea watoto wa wakubwa.

Katika mtaa huo alizaliwa mwaka 1868 mtoto aliyeitwa Muhammad Darwis, ambaye baada ya kusoma Makka alirudi na jina la Ahmad Dahlan. Wajava humwita mwanachuoni “Kyai” kama sisi tunavyosema “Sheikh”, na Kyai Ahmad Dahlan alikuwa khatibu wa Msikiti Mkuu na mfanyabiashara wa nguo za batiki. Alimwoa jamaa yake, Siti Walidah, aliyezaliwa mwaka 1872, binti wa afisa wa dini wa kasri la sultani. Bibi Siti Walidah hakuingia darasa lolote la shule. Alisomeshwa Qur'ani na elimu ya dini nyumbani kwao, kisha akasoma pamoja na mumewe, akawa msikilizaji wake wa karibu na mwenzake katika kazi. Watu walimjua kwa jina la Nyai Ahmad Dahlan, yaani Bibi Ahmad Dahlan.

Tarehe 18 Novemba 1912 Kyai Dahlan aliasisi jumuiya ya Muhammadiyah, kwa lengo la kuwarudisha Waislamu kwenye Qur'ani na Sunna na kuwafungulia shule zinazochanganya elimu ya dini na elimu ya dunia.

Sura waliyoihifadhi wote

Miongoni mwa visa vinavyosimuliwa sana kuhusu Kyai Dahlan ni kile cha Suratul Maun. Inasimuliwa kwamba aliwasomesha wanafunzi wake sura hiyo, na kesho yake akaisomesha tena, na siku iliyofuata tena. Wanafunzi walichoka. Mmoja akauliza kwa nini hawaendelei mbele, ilhali sura hiyo fupi wote wameihifadhi na tafsiri yake wameielewa. Kyai akawauliza kama wameifanyia kazi. Wakajibu kwamba huisoma katika swala. Akawaambia kwamba hilo silo aliloliuliza. Akawatuma watoke waende mitaani, wawatafute yatima na masikini, wawapeleke nyumbani, wawaogeshe, wawavishe na kuwalisha, kisha ndipo warudi darsani.

Msomaji anaijua sura hiyo. Ndani yake Mwenyezi Mungu (s.w.) anamtaja anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa masikini, na akamweka pamoja na mwenye kuikadhibisha dini. Wengi wetu tumeihifadhi tukiwa madrasa, na huisoma katika swala tunapotaka kufupisha.

Darsa hiyo haikuwa ya wanaume peke yao. Kyai Dahlan na mkewe waliwakusanya wanawake na mabinti wa Kauman wakawasomesha Qur'ani pamoja na maana yake. Darsa ya wanawake iliyofanyika baada ya swala ya alasiri ikapewa jina la Wal Asri, kwa wakati wake. Kwa wafanyakazi wa batiki, ambao mchana kutwa walikuwa kazini, yaliwekwa masomo ya baada ya magharibi, na humo walifundishwa dini pamoja na kusoma na kuandika. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Bibi Walidah na wenzake hawakupanga saa inayowafaa walimu kisha wakalalamika kwamba akina mama hawahudhurii. Walitazama mwanamke anaachiwa na kazi zake saa ngapi, wakaiweka darsa hapo.

Mwaka 1914 mabinti waliokuwa katika darsa hizo wakawa kikundi kilichoitwa Sopo Tresno, maneno ya Kijava yenye maana ya “yeyote anayependa”. Kilikuwa kikundi cha kusoma na kutenda wema, hakina katiba wala ofisi, mfano wa vikundi vya akina mama tulivyo navyo karibu katika kila msikiti. Lau kingebaki hivyo, huenda leo tusingekisikia.

Usiku wa Miraji, 1917

Kyai Dahlan na wenzake waliona kwamba kikundi kile kimekua kuliko mavazi yake. Wakakaa wazee na mabinti kukitafutia jina na utaratibu. Jina la kwanza lililopendekezwa lilikuwa la Bibi Fatma (r.a.), lakini kikao hakikuafikiana nalo. Ndipo Haji Fachrodin, mmoja wa viongozi wa Muhammadiyah, akapendekeza Aisyiyah, yaani wafuasi wa Bibi Aisha (r.a.). Jina hilo likakubaliwa, na maana yake haikufichika kwa yeyote. Bibi Aisha ni mama wa waumini ambaye masahaba wakubwa walimwendea kuuliza hukumu za dini, na kutoka kwake umma umepokea hadithi zipatazo elfu mbili na ushei. Kumfuata Bibi Aisha ni kumfuata mwenye elimu.

Jumuiya ilizinduliwa tarehe 27 Rajab 1335, sawa na tarehe 19 Mei 1917, katika hafla ya kuadhimisha Isra na Miraji. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Siti Bariyah, katibu Siti Badilah, na mtunza hazina Siti Aminah Harowi. Walikuwa wanawake vijana sana. Siti Bariyah alikuwa miongoni mwa mabinti wa kwanza wa Kauman waliosoma katika shule ya Kiholanzi huku akisoma dini kwa Kyai Dahlan, jambo ambalo baadhi ya watu wa mtaa hawakulipenda.

Hapa ndipo ninapoiona siri ya kudumu kwa jumuiya hii. Wanaume wa Muhammadiyah wangeweza kuwaambia mabinti wale, “Nyinyi endeleeni kupika maulidi na kukusanya sadaka, mambo ya vikao tuachieni sisi.” Lakini hawakusema hivyo. Waliwafundisha namna ya kuendesha kikao, kuandika muhtasari na kutunza hesabu, kisha wakawaachia wayafanye wenyewe. Aisyiyah ilikuwa na mwenyekiti wake, katibu wake na hazina yake tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ndani ya Muhammadiyah, ikishirikiana nayo katika malengo, nayo hadi leo ni jumuiya yenye kujiongoza ndani ya mwavuli huo, yenye mkutano wake mkuu na viongozi inaowachagua yenyewe.

Bustani ya watoto na sehemu ya kuswalia

Kazi zilianza mara. Mwaka 1919, miaka miwili tu baada ya kuzinduliwa, Aisyiyah ilifungua Kauman shule ya watoto wadogo wasiofikia umri wa shule ya msingi. Mwanzoni iliitwa kwa jina la Froebel, yule mwalimu wa Kijerumani aliyeanzisha shule za namna hiyo Ulaya. Baadaye ikapewa jina la Kiarabu, Bustanul Athfal, ambalo Mswahili halihitajii tafsiri ndefu: bustani ya watoto. Kutokana na chumba hicho kimoja, leo zipo maelfu ya shule za chekechea za Aisyiyah katika visiwa vya Indonesia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wanawake hao walijenga sehemu yao ya kuswalia Kauman, nyumba ya ibada iliyoendeshwa na wanawake kwa ajili ya wanawake, ikawa pia mahali pa darsa na vikao. Mwaka 1923 wakaanza kazi ya kupambana na ujinga wa kutojua kusoma, kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini. Mwaka 1926 wakatoa jarida lao, Suara Aisyiyah, yaani Sauti ya Aisyiyah, ambalo kwanza liliandikwa kwa Kijava ili lisomeke na mama wa kawaida. Jarida hilo lingali linatoka. Mwenye kujua shida ya kuchapisha hata kipeperushi cha msikiti, achilia mbali gazeti, atajua maana ya jarida kuishi karibu miaka mia.

Kyai Dahlan alifariki dunia mwezi Februari 1923. Wapo waliodhani kwamba mjane wake angejifungia. Bibi Walidah alifanya eda yake, kisha akaendelea na kazi. Nyumbani kwake aliwaweka mabinti waliotoka mbali, wakakaa na kusoma kama wanafunzi wa bweni. Alisafiri hadi sehemu za mbali kutoa darsa. Alisema waziwazi dhidi ya wazazi wanaowaozesha binti zao kwa nguvu, na akafundisha kwamba mke ni mwenza wa mumewe katika kumtii Mungu, kila mmoja akiwa na jukumu lake. Alifundisha kwamba malezi yana nguzo nne zinazotegemeana, nazo ni nyumba, shule, jamii na msikiti. Ikivunjika moja, tatu zinaelemewa.

Mwaka 1926 Muhammadiyah ilifanya mkutano wake mkuu wa 15 katika mji wa Surabaya, na Bibi Siti Walidah akapewa kuuongoza. Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Magazeti yaliandika habari hiyo. Huyu ndiye yule ambaye hakupata kukaa kwenye dawati la shule.

Kongamano la 1928

Miaka miwili baadaye, kuanzia tarehe 22 Desemba 1928, wanawake wa vyama mbalimbali vya Indonesia walikutana Yogyakarta katika kongamano lao la kwanza la taifa zima. Walikuwapo wa vyama vya Kiislamu, vya Kikristo na vya kizalendo. Aisyiyah ilikuwa miongoni mwa waandaaji. Siti Munjiyah alihutubia juu ya daraja la mwanamke, na Siti Hayinah juu ya umoja wa wanadamu.

Mabinti hao wawili walikuwa na kazi nzito. Katika ukumbi ule walikuwapo waliotaka kujadili ndoa, talaka na mitala kwa namna iliyowagusa Waislamu moja kwa moja, na mabishano yalikuwa makali. Wawakilishi wa Aisyiyah hawakususa wala hawakunyamaza. Walisimama wakaieleza dini yao kwa elimu, wakabaki katika umoja. Kongamano likaafikiana juu ya mambo yaliyowanufaisha wote: kwamba serikali iongeze shule za wasichana, kwamba wajane na yatima wa watumishi wa serikali wasaidiwe, na kwamba masharti yanayotamkwa na bwana harusi wakati wa nikaha, ambayo mke anaweza kuyatumia kudai haki yake akidhulumiwa, yasomwe na kufafanuliwa kwa bibi harusi ili ayajue. Hili la mwisho, ndugu msomaji, bado ni somo kwa wale tunaofungisha ndoa kwa haraka huku watu wakingojea biriani.

Kutokana na kongamano hilo, tarehe 22 Desemba huadhimishwa nchini Indonesia kuwa Siku ya Akina Mama. Wengi huichukulia kuwa siku ya zawadi na maua, lakini asili yake ni kikao cha wanawake kilichoandika maazimio.

Njaa, vita na uhuru

Mwaka 1942 Wajapani waliitwaa Indonesia. Miaka ya utawala wao ilikuwa miaka ya njaa na amri nyingi, na kazi za jumuiya zikabanwa. Bibi Walidah, ambaye sasa alikuwa na miaka 70, alijikita katika shule, akipambana wanafunzi wasilazimishwe kufanya ibada za Kijapani zinazogongana na tauhidi. Uhuru ulipotangazwa mwezi Agosti 1945 na vita dhidi ya Waholanzi waliorejea vikaanza, wanawake wa Kauman walifungua majiko ya kuwapikia wapiganaji. Mkono ule uliokuwa ukilisha yatima kwa agizo la Suratul Maun ulikuwa umekwisha kuzoea sufuria kubwa.

Bibi Siti Walidah alifariki tarehe 31 Mei 1946, akazikwa Kauman, nyuma ya Msikiti Mkuu. Mwaka 1971 taifa lilimtangaza kuwa shujaa wake, kama lilivyokuwa limemtangaza mumewe miaka kumi nyuma. Mwaka huohuo aliofariki, wanawake wa jumuiya nyingine kubwa ya Waislamu wa Indonesia, Nahdlatul Ulama, waliunda chombo chao kiitwacho Muslimat. Jumuiya hizo mbili zina tofauti zao katika baadhi ya masuala ya fiqhi, lakini katika hili la kumpa mwanamke elimu na nafasi ya kuitumikia dini yake zinashindana katika kheri.

Swali la mkunga

Kisa kingine kinachosimuliwa juu ya Kyai Dahlan ni kwamba aliwauliza mabinti wake wa darsa kama hawaoni haya uchi wao kuonekana na wanaume. Wakajibu kwamba ni haya kubwa mno. Akawauliza, basi mnapougua, mnapojifungua, mbona mnapelekwa kwa tabibu mwanamume? Kama kweli mnaona haya, someni, awepo tabibu mwanamke wa kuwatibu wanawake.

Kisa hicho kilizaa matunda. Aisyiyah ilifungua zahanati na hospitali za mama na mtoto. Katika miaka ya 1960 ilianzisha Yogyakarta mafunzo ya wakunga, na kazi hiyo ya kusomesha wakunga na wauguzi ilikua hatua kwa hatua hadi mwaka 2016 ikawa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Aisyiyah cha Yogyakarta. Mahali pengi tunalalamika kwamba mama zetu wanahudumiwa na wanaume hospitalini. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini malalamiko hayasomeshi mkunga hata mmoja.

Kazi nyingine inayostahiki kutajwa ni ya kifua kikuu. Indonesia ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi wa maradhi hayo duniani. Dawa zipo, lakini zinamezwa kwa miezi kadhaa, na mgonjwa anayepata nafuu katika mwezi wa pili huziacha, kisha maradhi yanarudi yakiwa sugu. Aisyiyah imewafunza wanachama wake wa kujitolea kwenda nyumba kwa nyumba, kumtambua anayekohoa kwa wiki nyingi, kumpeleka kupimwa, kisha kumfuatilia hadi amalize dozi. Kazi hiyo haihitaji udaktari. Inahitaji mtu anayejulikana mtaani, anayeweza kubisha hodi na kukaribishwa jikoni. Mtu huyo ni mama wa darsa.

Mwezi Novemba 2022, katika mji wa Surakarta, Aisyiyah ilifanya mkutano wake mkuu wa 48 sambamba na ule wa Muhammadiyah, ikamchagua Bibi Salmah Orbayinah kuwa mwenyekiti. Viongozi hubadilika, jumuiya ikabaki. Na shule na zahanati zilizojengwa kwa sadaka ni mali ya jumuiya, hakuna anayezirithi.

Nyuma ya pazia letu

Sisemi kwamba kila kilichofanyika Java kiletwe hapa kama kilivyo. Kila nchi ina hali yake. Wala sisemi kwamba akina mama wetu hawafanyi kitu. Nani huosha maiti wa kike saa nane za usiku? Nani husomesha watoto wetu juzuu Amma? Akizaa mwanamke masikini, nani hupitisha bakuli? Kazi zote za Aisyiyah ya mwaka 1914 zinafanyika nyuma ya pazia la msikiti wetu wiki hii. Pengo letu ni lile la 1914 hadi 1917: hatua ya kutoka kwenye wema wa kila mmoja hadi kwenye jumuiya yenye jina, daftari, hazina na warithi wa kazi.

Wema usio na daftari hufa na mwenyewe. Nimeshuhudia kikundi cha akina mama waliokuwa wakilipia ada za yatima kadhaa. Mama aliyekuwa akikusanya fedha alifariki, Allah amrehemu, na orodha ya yatima ilikuwa kichwani mwake. Hatukuwa tumempa hata daftari la kurasa 40. Tulipowauliza wenzake, walikumbuka watoto wawili. Wengine hatukujua ni nani, wala wanasoma wapi, na huenda walifukuzwa shule muhula huo kwa kukosa ada. Hili ni deni ambalo sisi wa kamati tutaulizwa.

Niliyaleta mambo haya katika kikao cha kamati baada ya Idd. Nilipendekeza matatu. Kwanza, kikundi cha akina mama kiwe na daftari lake na hazina yake, na waweka sahihi wake wachaguliwe na wao wenyewe. Pili, taarifa yao isomwe pamoja na taarifa ya kamati, kwa jina lao. Tatu, mwenye elimu ya uandishi na hesabu awafundishe mabinti watatu au wanne kazi ya ukatibu, ili aondokapo mmoja pawe na mwingine. Mzee mmoja aliuliza kama hili si kuleta chama ndani ya msikiti. Ni swali la kuheshimiwa. Nilimjibu kwamba chama kipo tayari na ndicho kilichotununulia mikeka tuliyoikalia. Alicheka, akasema tuendelee kushauriana. Ushauri huo haujaisha, na sitaki kudanganya kwamba umeisha.

Lakini mstari wa “Michango mingineyo” nimeufuta. Nimekaa na akina mama wawili wakiwa na mahramu wao, tukaandika upya, kitu kwa kitu, nani alikusanya na zimetumika wapi. Ilituchukua alasiri tatu. Katika ukurasa wa mwisho mmoja wao aliniomba tuache nafasi ya majina ya wale yatima, kwani ameanza kuwatafuta nyumba kwa nyumba na amekwisha kumpata wa tatu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika kheri, azitakabali amali za mama zetu zilizoandikwa na zisizoandikwa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoisoma Suratul Maun na kuifanyia kazi. Amin. Wabillahi tawfiq.